Kichuguu cha Avenue Lufupa

5 Oktoba 1974, Jumamosi

Joto hili litatumaliza kabla mvua haijafika. Leo asubuhi tumefanya Salongo, ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi ambayo hakuna anayethubutu kuikosa, na tulipomaliza kufagia mtu wa Zone ya Manika, ofisi ya tarafa yetu, akapanda juu ya kiti akatangaza: barabara itakayokuwa na malupango safi kuliko zote itawekewa bomba la maji kabla mvua hazijaisha. Bomba! Hapa Avenue Lufupa, mbele ya macho yetu! Tulipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Ukaguzi ni katikati ya Desemba. Kisha akauliza nani atasimamia usafi wa avenue yetu, na watu wote, bila kunitazama usoni, wakataja jina langu. Mama Mbombo. Nilijifanya sitaki. Nilitaka sana.

Nimefungua daftari hili kwa sababu hiyo, na kwa nyingine pia. Juma lililopita mwanangu Omer alikuja kutoka Likasi, akanikuta nimesimama karibu na reli, ndoo ya maji chini, mgongo umegoma. Alibeba ndoo bila kusema neno. Tulipofika nyumbani ndipo aliposema: "Mama, mvua ikiisha na mayi iko tu kule mbali, mi nakuya kukubeba. Utaikala kwangu." Ninampenda mwanangu. Lakini lupango huu, nyumba pamoja na uwanja wake wote hadi kwenye ua, tuliujenga mimi na marehemu mume wangu Numbi, tofali moja moja, kila alipotoka kazini mgodini. Kule Likasi nitakuwa bibi wa kuketi pembeni na kuulizwa kama nimekula. Sitaki. Kwa hiyo bomba lile ninalitaka kuliko mtu yeyote, na nitalipata hata nikigombana na avenue nzima.

7 Oktoba

Nimepita kila lupango na fimbo ya Numbi nikipima nyua. Majani yasizidi kifua cha mwanamke, ndivyo walivyosema Zone. Tata Kalala wa nyumba ya mbele, karani mwenye abakosti, ile suti isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi hata Jumapili, ameniuliza kifua cha mwanamke gani. Nimemjibu: changu.

10 Oktoba

Balaa. Nyumba ya kulia, iliyokaa tupu tangu mwaka jana, imepata watu. Wamekuja na lori linalokohoa, na kutoka ndani ya lori hilo vimeshuka vitu ambavyo sijawahi kuviona katika lupango wa mtu: matairi, mapipa, matairi tena, mbuzi mmoja mwenye dharau, na mwanamke mwenye sauti ya kengele. Mume ni Abedi, dereva, anachukua chumvi na sabuni hapa kupeleka Sandoa na kurudi na mihogo. Mke ni Sikudhani. Ni Waislamu wa Kasongo. Saa ya chakula cha jioni tayari walikuwa wamerundika matairi hadi usawa wa dirisha langu.

Nimekwenda kuwasalimu kwa heshima zote. Nimewaeleza habari za ukaguzi, ua, mfereji, shimo la taka, na kufagia kabla jua halijapanda.

"Aksanti mama," Sikudhani akasema, akicheka. "Kumbe tulikuya kuikala pembeni ya gavana."

Sikucheka.

13 Oktoba, Jumapili

Baada ya misa nimekaa kwenye kivuli cha nyumba nikitazama kichuguu changu. Ni lazima nikiandike hapa, maana watu wa Avenue Lufupa hawajui thamani yake. Kinasimama katikati ya mpaka, ua unakuja hadi kwake, unakatika, halafu unaendelea upande wa pili. Kimo chake kinafika kwenye paa. Numbi aliponunua kiwanja alifunga fundo la majani juu ya kichuguu siku ile ile, kabla hata ya kupima msingi, kama wanavyofanya kwao: anayefunga fundo kwanza ndiye mwenye inswa. Na inswa wa kichuguu hiki, hao kumbikumbi wa mbawa wanaotoka mvua ikikolea, ni wanono, wanajaza beseni, na ukiwakaanga kwa chumvi bila mafuta nyumba yote inanukia. Kila mwaka Numbi alikuwa akiketi pale na blanketi lake na taa, akinong'ona nao watoke. Tangu afe ninafanya mwenyewe, pamoja na kunong'ona.

16 Oktoba

Leo wasimamizi wote wa usafi tuliitwa Zone tukasomewa sharia kwa sauti. Ua, sawa. Mfereji, sawa. Chokaa ukutani, mbuzi kamba shingoni, sawa kabisa, nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Halafu yule bwana akasema: kichuguu chochote kilichomo ndani ya lupango kivunjwe kabla ya ukaguzi. Kichwa changu kikaacha kuitikia.

Jioni nimekusanya watu wa avenue yetu nikawasomesha sharia zote vizuri sana. Zote, isipokuwa hiyo moja. Ilinitoka tu. Yaani, niliiacha initoke.

Nilipomaliza nikasikia mtu anakohoa. Ni Sikudhani. Alikuwapo Zone leo, alikwenda kuandikisha makazi yao, na alikuwa amesimama dirishani sharia zikisomwa. Akanitazama, akakitazama kichuguu, akanitazama tena. Kisha akasema kwa sauti yake ya kengele: "Mama anasema yote muzuri. Hata kimoja hakusahabu." Na akaenda zake kupika.

Sijui kama ameniokoa au amenifunga kamba.

24 Oktoba

Mvua! Ya kwanza. Nimesimama nje mpaka nguo ikalowa.

2 Novemba, Jumamosi

Mbuzi wa Sikudhani amekula maua yangu yote ya mbele. Yote. Nimekwenda kwao nikiwa na shina moja lililobaki mkononi kama shahidi. Sikudhani akamshika mbuzi pembe, akamwambia: "Omba pole kwa mama." Mbuzi akanitazama vile vile na dharau. Abedi alikuwa chini ya lori, nikaona miguu yake inatetemeka kwa kicheko.

Nimewapa hadi Jumatano waondoe yale matairi. Nimesema kwa ukali. Mama huyu si mama wa mchezo.

6 Novemba, Jumatano

Matairi hayakuondoka. Yamepakwa chokaa, yamejazwa udongo mweusi, yamepangwa mstari mmoja kando ya mfereji, na ndani ya kila moja Sikudhani amepanda maua aliyoletewa na Abedi kutoka njia ya Sandoa. Watu wanapita wanasimama. Tata Kalala ameomba matairi mawili kwa ajili ya mlango wake. Sharia haisemi lolote kuhusu matairi yaliyooteshwa maua, nimejaribu kukumbuka zote.

Ni mazuri. Inaniuma lakini ni mazuri.

7 Novemba

Nimeamka nikakuta matairi mawili mbele ya mlango wangu, yamepandwa pale palipoliwa na mbuzi. Hakuna aliyegonga.

12 Novemba

Mgongo. Nimelala siku nzima. Mvua inapiga bati bila kupumzika, na maji yote hayo yanayoanguka huwezi kuyanywa mpaka uyakinge na kuyachemsha, na nani ayakinge? Nilikuwa namwaza Omer na ile sura yake ya kunionea huruma. Halafu mlango ukasukumwa, akaingia Sikudhani na pipa dogo, Abedi nyuma yake na jingine.

"Abedi alipita ku source ya mayi na camion yake," akasema. "Mama usiamke."

"Nani alikuambia naumwa?"

"Leo hukutusema. Tangu asubuhi hakuna mutu alitusema. Nikajua kuko kitu."

Alinikanda mgongo kwa mafuta ya mawese ya moto huku akinisimulia Kasongo, mama yake, na jinsi alivyomkataa Abedi mara mbili kwa sababu ya lori lile. Nilicheka mpaka mgongo ukauma upya. Mwanamke huyu hana haya hata kidogo, na nimefurahi sana kwamba hana.

13 Novemba

Nimeamka. Nimewasema kuhusu mfereji wao. Sikudhani amepiga makofi kwa furaha.

21 Novemba, Alhamisi

Nilifikiri tumeshakuwa marafiki. Leo alasiri nasikia jembe: ku, ku, ku, upande wa pili wa ua. Nikachungulia. Sikudhani yuko chini ya kichuguu changu anachimba shimo la beseni! Vijiti vya kibanda tayari vimesimama, blanketi liko begani. Mtego kamili: unachimba mbele ya matundu, unaweka beseni, unajenga kibanda kidogo juu yake, unakifunika usibakize hata ufa, na ndani unaacha taa ili inswa wakitoka waifuate waanguke.

"Sikudhani! Unafanya nini ku kichuguu yangu?"

"Yako? Mama, angalia matundu. Yote iko inafunguka kwetu huku."

"Bwana yangu alifunga fundo!"

"Fundo iko wapi?"

"Ilioza! Ni ya zamani!"

"Basi, kama ilioza," akasema, akaendelea kuchimba.

Ninakiri nilipaza sauti. Yeye naye hakunong'ona. Nilimwambia watu wa Kasongo hawajui inswa, akaniambia kwamba yeye alikula inswa kabla ya kuota meno. Nikamwambia nitaving'oa vijiti vile, akaniambia niruke ua basi, kama nimeweza kuukata kwa kipimo cha kifua changu. Avenue nzima ilikuwa nje. Tata Kalala aliweka kiti.

Usiku huu sina njaa. Nimejenga kibanda changu upande wangu.

22 Novemba

Hatusalimiani. Ni vigumu, maana tunafagia wakati mmoja.

25 Novemba

Hatusalimiani bado. Ameacha mafuta ya mawese juu ya ua, kichupa kile kile. Nimeyachukua bila kutazama upande wake. Nimeacha bamia.

30 Novemba, Jumamosi

Siku mbaya, sijui hata nianzie wapi.

Baada ya Salongo, kijana mmoja wa Zone alipita na kipaza sauti akitangaza sharia zote upya, barabara kwa barabara, maana ukaguzi umekaribia. Nilikuwa nimesimama mbele, mkono kiunoni, kama mwenye avenue. Akasoma ua. Akasoma mfereji. Akasoma chokaa. Na akasoma kichuguu.

Vichwa vyote vikageuka polepole, kwanza kwenye kichuguu, halafu kwangu.

Tata Kalala ndiye aliyesema, na sauti yake haikuwa ya dhihaka. "Mama Mbombo. Ulituambia sharia yote. Mi nilikata miti yangu ya mapera juu ya sharia yako. Ile ya kichuguu, hawakukuambia?"

Ningeweza kusema uongo. Nikasema, "Baliniambia."

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa nafuu. Mama mmoja alisema tu kwamba yeye pia ana mgongo, kwamba naye anavuka reli kila siku na ndoo, tena na mtoto mgongoni. Kisha wakasema kesho baada ya ibada watakuja na majembe wakivunje, na kila mtu akaingia kwake.

Nilikwenda kuchukua jembe la Numbi. Nilifikiri, kama kinavunjwa basi kivunjwe na mkono wa nyumba hii. Nilisimama mbele ya kichuguu, nikainua jembe, nikaliteremsha. Nikainua tena. Ndani yake, ukiweka sikio, unasikia kwamba wako tayari. Wana mbawa tayari. Wanangoja mvua moja kubwa tu. Nililia, naandika wazi, nililia kwa sauti kama siku ya msiba, kwa sababu nikikiacha kichuguu ninakosa bomba na nikikosa bomba ninaondoka hapa, na nikikivunja nitakaa hapa nikitazama shimo.

Sikudhani akaruka ua. Sijui aliruka vipi, na kitenge. Akaninyang'anya jembe.

"Mama, acha. Sikia. Sharia inasema kichuguu. Sivyo?"

"Ni vile."

"Kama si kichuguu?"

"Kama si kichuguu ni nini, we Sikudhani?"

Alitazama matairi yake meupe. Akatazama kichuguu. Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo wake likaenda hadi upande wa pili. "Chokaa bado iko mu pipa," akasema.

1 Desemba, Jumapili

Walikuja na majembe kama walivyosema. Walitukuta mimi na Sikudhani juu ya ngazi ya lori, moja kwa moja kutoka kanisani mimi na gauni langu la misa, tunapaka kichuguu chokaa. Kilikuwa kimeshakuwa cheupe nusu.

Nikashuka. Nikawaomba msamaha wote, mbele ya kila mtu, kwa ua wangu na fimbo yangu na mdomo wangu. Nikasema mpango wenyewe: mkaguzi hatakuta kichuguu Avenue Lufupa, atakuta monument, mnara wa kumbukumbu kama ile ya mjini, yenye maua pembeni. Akikataa, nitakivunja mwenyewe siku ile ile mbele yake.

Tata Kalala alizunguka kichuguu mara moja, mikono nyuma, akakipima kwa jicho la karani.

"Monument," akasema, "inatakiwa ngazi."

Akavua koti la abakosti. Tangu nimjue sijamwona bila koti! Akaanza kuchonga ngazi tatu chini yake kwa jembe alilolileta kuvunjia. Basi tena hakuna aliyebaki amesimama. Wengine walipaka, wengine walileta mawe ya kuzungushia, watoto walikwenda kutafuta maua, Abedi akaleta matairi manne ya mwisho. Sikudhani akapika chai kubwa yenye tangawizi. Tuliimba nyimbo za kanisa na za Kasongo na za lori, na saa ya jua kuzama kilisimama pale, cheupe pee, kina ngazi na kina bustani, na mbuzi alikuwa amefungwa mbali nacho. Niliona fahari kubwa.

Matundu tuliyaacha. Tuliyaziba juu juu tu, kwa chokaa nyepesi. Sikudhani alisema wasikose hewa.

5 Desemba

Mvua ndogo. Nasali isiwe kubwa kabla ya ukaguzi. Sijawahi kusali hivyo.

9 Desemba

Mvua ndogo.

11 Desemba

Jua. Kila mtu anatazama juu na hakuna anayesema.

14 Desemba, Jumamosi

Wacha nianze mwanzo, mkono bado unanuka chumvi.

Mkaguzi alikuwa aje asubuhi. Tulikuwa tumefagia hata barabara yenyewe. Saa ya asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita, na mbingu ya upande wa Kingamyambo ikawa nyeusi kama sufuria. Halafu ikashuka. Mvua ile haikunyesha, ilimwagwa. Mifereji yetu iliyabeba maji yote bila hata tone kuvuka, nilisimama mlangoni nikaiona inafanya kazi na nikasema moyoni, potelea mbali, hata tukikosa bomba tulichimba vizuri.

Ilipokatika jua lilikuwa chini kabisa, na ndipo gari la Zone lilipofika. Akashuka mkaguzi, Citoyen Kalenga, maana siku hizi kila bwana huitwa citoyen, raia; mrefu, viatu vinang'aa, sura isiyo na habari yoyote. Alipita lupango baada ya lupango. Alipima ua kwa mkono. Alifunua mashimo ya taka. Kwa Tata Kalala alisema "Bien," yaani vizuri. Kwa Sikudhani alisimama mbele ya matairi ya maua muda mrefu, akasema "Bien, bien." Mimi nilimfuata nyuma na fimbo ya Numbi.

Akafika kwenye ule weupe.

"Citoyenne. Ile ni nini?"

"Ni monument, Citoyen," akajibu Tata Kalala haraka, kwa Kifaransa chake cha ofisini, halafu akarudia kwa Kiswahili ili sisi tusikie alivyosema vizuri.

"Monument ya nani?"

Hilo hatukulipanga. Watu wote wale, mafundi, makarani, mama wa soko, hakuna aliyefikiri kwamba monument huwa ya mtu.

"Ya kazi," akasema Sikudhani. "Ya Salongo, Citoyen."

Kalenga akaitikia kwa kichwa. Akapanda ngazi ya kwanza. Akapanda ya pili. Akaweka kiganja chake juu ya chokaa kama mtu anayepima homa, na chini ya kiganja chake chokaa ikapasuka.

Walitoka kwenye ule ufa kwanza mmoja, akatikisa mbawa, akaruka kupita sikio la mkaguzi. Kisha wa pili. Kisha chokaa ikaanza kubanduka huku na huku, na kila tundu tulilolificha likafunguka, upande wangu na upande wa Sikudhani, na inswa wakamwagika nje kama moshi, maelfu, wakapanda na mwanga wa mwisho wa jua kwenye mbawa zao. Sijapata kuona wengi hivyo hata Numbi akiwa hai. Askari wao wenye vichwa vikubwa nao walitoka, mmoja akamng'ata Citoyen Kalenga kidole, nikamwona anautikisa mkono bila kupiga kelele, kwa adabu ya serikali.

Akashuka. Sura yake ile ile.

"Monument yenu inatoka mabawa," akasema. "Sharia inasema kichuguu isikuwe ndani ya lupango ya mutu. Haya. Hii kichuguu iko mu lupango ya nani?"

Na hapo ndipo niliponaswa. Maana mwezi uliopita mimi na Sikudhani tulikuwa tunapiga kelele kila mmoja kwamba ni chake. Avenue nzima ni shahidi. Nikisema changu, basi lupango wangu umevunja sharia na bomba limekwenda. Lakini kusema si changu! Mbele ya watu! Fundo la Numbi, blanketi la Numbi, miaka yote ile ya kunong'ona. Nilimtazama Sikudhani. Alinyamaza kwa makusudi, yule mwanamke ambaye hanyamazi hata akilala, akaniachia mimi niseme kwanza.

Nikasema, "Si yangu."

Sauti yangu ilitoka nzima, nilishangaa.

"Hata mi, si yangu," akasema Sikudhani mara moja.

"Tazama ua, Citoyen," nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza. "Inafika pale, inakatika. Kwangu inaishia huku, kwake inaanzia kule. Katikati hakuna lupango. Katikati ni ya avenue."

"Ya avenue," akasema Tata Kalala.

"Ya avenue," wakasema watu, mmoja mmoja, kisha wote.

Citoyen Kalenga alitazama ua. Alifuata mstari kwa kidole kilichong'atwa, upande huu, upande ule. Nilijua ua ule umenyooka. Niliupima mwenyewe.

"Sharia inasema lupango," akasema polepole. "Ya avenue haisemi kitu." Akainama, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga vizuri juu ya ngazi ya Tata Kalala. "Sasa kama iko ya avenue, munangoya nini? Inamalizika! Mama, unikopeshe beseni!"

Sijui kilichofuata kwa mpangilio. Mabeseni, sufuria, vitenge, kofia. Blanketi la Numbi nimelileta mwenyewe nikalitandaza, na chini yake tuliingia mimi na Sikudhani na taa moja, tukigongana vichwa, inswa wakituingia hadi kwenye shingo, tukicheka kama wasichana. Tata Kalala alikimbia na shati lake la ndani akikusanya kwa mikono. Mkaguzi wa Zone alikuwa peku kwenye matope, suruali imekunjwa, anawaelekeza watoto: "Usikanyage! Piga maji! Kata mabawa kwanza!" Moto ukawashwa pale pale barabarani na tukakaanga hadi giza, kila nyumba na chumvi yake.

Nilimwuliza mkaguzi anatoka wapi, kujua inswa hivyo.

"Mama," akasema, mdomo umejaa, "mi nilizaliwa nyuma ya kichuguu. Nilikiona tangu mu gari."

15 Desemba

Nimelala vizuri. Kichuguu si changu tena. Nilifikiri nitaumia zaidi ya hivi.

18 Januari 1975

Tulishinda! Mabomba ya chuma yameshushwa kando ya barabara yetu. Watoto wanatembea juu yake. Nimewasema.

9 Februari

Fundi wa maji anataka kuchimba karibu na kichuguu. Watu wa avenue wamemkataza, mimi sikuwa hata nimefika.

15 Machi, Jumamosi

Mvua zinakwisha, majani yameanza kukauka ncha.

Omer amekuja leo kama alivyosema, na gari la rafiki yake, na kamba za kufungia kitanda. Hakunikuta nyumbani. Nilikuwa barabarani, mbele ya nyumba ya Tata Kalala, nimesimama kwenye bomba nikipanga mstari, maana watu hawa bila kupangwa hawajui nani amefika kwanza. Maji yanatoka kwa nguvu sana asubuhi, yanaruka hadi kwenye matairi ya maua. Alisimama pale na kamba zake mkononi, akatazama maji, akanitazama mimi.

"Mama," akasema, "nilikuya kukubeba."

Kabla sijafungua mdomo, Sikudhani akatua ndoo yake. "Yambo tata Omer. Unataka kubeba mama?"

"Ni vile tuliambiana naye, mama."

"Haya. Ukimubeba, ubebe na kichuguu. Yee na kichuguu ni kitu kimoja. Na kichuguu hatukupi. Iko ya avenue."

Mstari wote ulicheka, na Tata Kalala akaongeza kwamba nikienda yeye ataacha ua wake uote hadi kwenye paa, apumzike. Omer naye akacheka mwisho, akazirudisha kamba garini. Alikula kwangu, na kabla ya kulala akanichotea maji ndoo mbili, safari mbili za hatua chache tu, akarudi anatikisa kichwa.

16 Machi, Jumapili

Omer amerudi Likasi peke yake. Nimempa kopo la inswa wakavu apelekee watoto, na nimemwambia kopo alirudishe, si langu, ni la Sikudhani. Jioni nimekata ua wa kina Sikudhani upande wa barabara. Haukuwa umenyooka.